Walinzi Kando ya Kamba

Maelezo kuhusu Kenya Open, mashindano ya gofu yaliyoanza mwaka 1967 na kuingia katika ratiba kuu ya European Tour mwaka 2019, yanastahili kuongezewa habari za walinzi, kwa kuwa kazi yao haifanani na ile ya viwanja vya soka. Uwanja wa gofu wenye mashimo 18 hutanda kwenye eneo kubwa lenye miti na vichaka, na kinachomtenga mtazamaji na mchezaji aghalabu ni kamba tu, ambayo hata mtoto anaweza kuivuka. Ndiyo maana mlinzi huupa mchezo mgongo na kuwaelekea watazamaji, akichunguza mikono na nyuso zao, hata makofi yanapomjulisha kwamba pigo zuri limepita nyuma yake.

Mpira wenyewe ni hatari: kwenye Ryder Cup ya mwaka 2018 nchini Ufaransa, yaani shindano la timu za Ulaya na Marekani, mtazamaji mmoja alipigwa na mpira akapofuka jicho. Mpira ukitua miguuni mwa watu, mlinzi huwasogeza wao bila kuugusa, kwani kanuni zinataka mpira uliotulia uchezwe papo hapo, na ukisogezwa na mtu wa nje, yaani asiye mchezaji wala kedi wake, urudishwe ulipokuwa. Yote hayo hufanywa kimyakimya, juani, kutwa nzima. Kwa hiyo maji, kivuli na zamu fupi ni haki zinazopaswa kuandikwa katika mikataba ya walinzi, si kuachiwa hisani ya msimamizi wa siku hiyo.