MWENYE KUCHELEWA NDIYE ALIYESAIDIA



Siku ya Mungu iliyopita tulitoka internat kwenda kanisani, mistari miwili, kwaya mbele. Kwenye kupanda mlima, mama mmoja mzee alianguka na mfuko wake wa makala. Makala yakamwagika njiani, naye akabaki amekaa chini, anashika goti. Wote tulimwona. Wengine walianza kusimama, lakini sisi makapita tulipiga kelele: «Mbio! Kengele ya pili imeisha kulia!» Mistari ikapita. Kila mmoja alisema moyoni: mutu mwingine atamusaidia.

Aliyemsaidia ni mtoto wa mwaka wa kwanza, aliyebaki nyuma kwa sababu mguu ulimuuma. Aliokota makala, akamwinua mama, akamsindikiza mpaka kwake. Alifika kanisani katikati ya mahubiri. Na sisi tukaandika jina lake kwenye listi ya wachelewaji. Kesho yake akakata majani ya kiwanja cha mpira.

Tangu ile siku tunajiuliza: kwa nini mtu anasaidia, na kwa nini mwingine anapita? Tumezoea kujibu upesi: huyu ana moyo mzuri, yule ana moyo mgumu. Jibu hilo halitoshi. Katika mistari yetu walikuwamo wenye kuomba kila asubuhi, hata wenye kugawa chakula chao na wagonjwa.

Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walitoa utafiti juu ya wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, kule Marekani. Kila mmoja alitumwa peke yake kwenda nyumba nyingine kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa kusema juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejiinamia mlangoni, anakohoa na kuugua. Aliwekwa pale makusudi. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa, 10 tu kwa 100 walimsaidia. Kati ya waliokuwa na wakati wa kutosha, 63 kwa 100. Hata kubeba Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya wazi.

Mbele yake, mwaka 1968, Darley huyo na Bibb Latané waliwasikilizisha wanafunzi wa New York sauti ya mwenzao anayeshikwa na kifafa. Katika waliodhani wako peke yao kumsikia, 85 kwa 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani wengine wanne wanasikia pia, 31 tu kwa 100.

Basi, ndugu, tujitazame. Wingi wetu ulifanya kila mmoja amwachie mwenzake. Haraka ikamaliza yaliyobaki. Yule mtoto alikuwa peke yake, na hakuna kapita aliyemfukuza. Hatusemi kwamba hakuwa na moyo. Alikuwa nao. Lakini wengi wetu walikuwa nao pia, na ni sisi makapita tulioufungia mlango kwa kelele zetu.

Mtu atasema: «Bila mbio, internat itaharibika.» Ni kweli, sisi wenyewe tunajua kazi ya kuamsha watu asubuhi. Lakini utaratibu unaotupitisha kando ya mama aliyeanguka, tuwahi kusikia neno la upendo, umepoteza maana yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kengele ya kanisa ilie dakika 15 mbele ya saa ya sasa. Pili, mtu akipata shida mbele ya kundi, kapita asiseme tu «Musaidieni!» Aite watu kwa majina: wewe na wewe, bakieni naye. Tatu, mwenye kuchelewa aulizwe sababu kwanza, ndipo aandikwe.

La nne ni letu wenyewe. Jina la mtoto yule tumelifuta. Siku ya posho, kisha sala ya jioni, tutamwomba msamaha mbele ya internat nzima. Na majani ya nyuma ya jiko, yaliyokuwa zamu ya darasa lake, tutayakata sisi makapita.

Kapita wa internat, darasa la sita