Kideri hakisikii tetrasaiklini
Mwandishi anayetushauri kuwatilia kuku tetrasaiklini kwenye maji kila wakizubaa anawauzia wafugaji wa Wete na Micheweni matumaini hewa. Kuku akiharisha kijani, akapinda shingo, na banda likafagiwa kwa siku chache, mshuku kwanza kideri. Kideri huletwa na kirusi, na antibayotiki kama tetrasaiklini haiui kirusi. Kinga yake ni chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa Tanzania na inayostahimili joto: tone moja jichoni, lirudiwe kila baada ya miezi mitatu. Lakini huchanjwa kuku mzima, si aliyekwisha kuinamisha kichwa. Na ile haraka ya kumchinja mgonjwa, manyoya na matumbo yakatupwa uani? Hiyo humpelekea jirani msiba. Usipojua kilichoua, mpelekee bwana mifugo mzoga kabla haujaoza. Muuza dawa hapimi kitu.