Fundi cherehani aliona, sisi tukamkemea mtoto

Leo naomba niweke siasa kando kidogo niongelee mgongo.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mdogo alirudisha sketi ya shule ya bintiye kwa fundi, akilalamika kuwa upande mmoja unaning'inia. Fundi akaipima mezani, pande zote sawa. Akamtazama mtoto, akasema: "Mama, sketi haina kosa. Huyu mtoto nyonga moja imepanda." Mama mdogo akacheka, yakaishia hapo.

Nyumbani ikawa ni kelele tu: simama wima, acha kubeba begi upande mmoja, acha maringo! Na mimi, mwandishi wa habari mzima, nilikuwa mmoja wa waliomkemea. Binti alikuwa na miaka 12. Alipofikishwa kwa daktari wa mifupa alikuwa na 15.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nikaona aibu.

Uti wa mgongo wa kila mtu una mapindo ukiutazama kwa ubavuni: shingoni na kiunoni unaingia ndani, kwenye mbavu unatoka nje. Hiyo ni kawaida. Pindo la juu likizidi, ndicho kibiongo. La kiunoni likizidi, kiuno hubonyea na tumbo kutokeza. Lakini ukiutazama kwa nyuma, uti unatakiwa kunyooka. Ukipinda kulia au kushoto kwa nyuzi 10 au zaidi kwenye eksirei, hiyo ni skoliosisi. Huwapata vijana 2 hadi 3 katika kila 100, na kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Jamani, si begi, si ndoo ya maji, si uchawi. Na kukemea hakunyooshi mfupa!

Kinachouma ni muda. Pindo huongezeka haraka mtoto anaporefuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, uliofanyika Marekani na Canada, ulionyesha kuwa vijana waliovaa kizibao kigumu cha plastiki cha kushikilia mgongo, asilimia 72 walimaliza kukua bila pindo kufikia nyuzi 50. Kwa waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 48. Ila mtoto akishamaliza kukua, kizibao hakina kazi tena. Pindo likiwa kubwa, linalobaki ni upasuaji. Ile miaka yetu mitatu ya kukemea ndiyo ilikuwa miaka ya tiba.

Kibiongo nacho kina yake. Mtoto akitokeza nundu ghafla mgongoni, inaweza kuwa ni kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili, ugonjwa ulioelezwa na Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Unatibika kwa dawa, na hapa Tanzania dawa hizo hutolewa bure. Ukiachwa, unaweza kupoozesha miguu. Halafu sisi mtaani tunampa mtoto huyo jina la utani na kucheka!

Sisemi tupime wanafunzi wa nchi nzima. Hata Marekani, mwaka 2018 jopo la wataalamu lilisema ushahidi wa faida ya kuwapima watoto wote wasio na dalili hautoshi. Ninachoomba ni kidogo: mzazi akiona bega moja limepanda au nguo inaning'inia upande, asigombe. Amwambie mtoto ainame mbele, magoti yamenyooka, viganja vimeunganishwa, kisha atazame mgongo kwa nyuma. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, ampeleke hospitali. Haigharimu hata senti.

Wala si mwisho wa maisha. Usain Bolt ana skoliosisi, na alishinda mita 100 za Olimpiki mwaka 2008, 2012 na 2016.

Binamu yangu sasa yuko chuo, anaendelea vizuri na masomo. Ila kwenye picha za familia husimama nyuma ya wengine, na blauzi ya kubana havai. Nilimwomba msamaha. Akanijibu: "Kaka, mngemsikiliza tu yule fundi."

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili kwa hoja.