Nyumba njema si mlango



Wahenga walituachia neno kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo naomba tufungue mlango mmoja ulio mbali na kwetu, katika mtaa uitwao Marzahn, pembezoni mwa mashariki ya jiji la Berlin huko Ujerumani. Sikupeleki huko ili ukastaajabie mambo ya Ulaya. Nakupeleka kwa kuwa habari za mtaa huo ni habari za jambo linalotukosesha usingizi wewe na mimi kila mwisho wa mwezi: kupata mahali pa kuwalaza watoto, na baada ya kupapata, kupafanya pawe kwetu.

Katika miaka ya 1970 jiji la Berlin lilikuwa limegawanywa kwa ukuta, na upande wake wa mashariki ulikuwa makao makuu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Usidhani kwamba kila mkazi wake aliishi kwa raha. Familia nyingi za wafanyakazi katikati ya jiji zilikaa katika majumba ya tangu karne ya 19. Mama alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne na ndoo ya makaa mkononi, maana bila makaa hapakuwa na moto, na bila moto baridi ya huko haivumiliki. Choo kilikuwa kwenye ngazi, kikitumiwa na familia mbili au tatu. Wengi hawakuwa na bafu. Vijana waliooana waliendelea kulala kwa wazazi, wakingoja zamu yao katika orodha ndefu ya waombaji wa nyumba.

Mwezi Oktoba 1973 chama kilichotawala nchi hiyo kilitangaza mpango mkubwa: ifikapo mwaka 1990, tatizo la nyumba liwe limekwisha. Hapo ndipo macho ya wapangaji wa jiji yalipoelekea Marzahn, kijiji cha wakulima kilichotajwa katika maandishi tangu mwaka 1300, kiasi cha kilometa kumi kutoka katikati ya jiji. Mwaka 1977 winchi za kwanza zilisimama mashambani. Kuta hazikujengwa kwa kupandisha tofali juu ya tofali. Zilimiminwa kiwandani, zikawa mabamba makubwa ya zege, kisha zikaletwa kwa malori na kuunganishwa pale pale mahali pa ujenzi. Bamba moja la aina iliyoenea kuliko zote, iliyoitwa WBS 70, liliweza kufikia uzito wa zaidi ya tani 6. Mwezi Desemba mwaka huo huo familia za kwanza zilikabidhiwa funguo. Januari 1979 Marzahn ikafanywa wilaya ya jiji inayojitegemea, na kabla ya kazi kwisha karibu fleti 60,000 zilikuwa zimesimama mahali palipokuwa mashamba. Kijiji cha zamani hakikubomolewa. Kipo hadi leo na kanisa lake la matofali, kimezungukwa na maghorofa kama mzee aliyezungukwa na wajukuu warefu kuliko yeye.

Hebu sasa, ndugu msomaji, simama mlangoni pamoja na mama yule aliyezoea ndoo ya makaa. Anafungua bomba, maji ya moto yanatoka ukutani. Anagusa chuma kilicho chini ya dirisha, kina joto, na joto hilo limekuja kwa mabomba kutoka mtambo mkubwa, hakuna aliyewasha kiberiti. Choo ni chake, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Kodi ni ndogo, kiasi cha Mark moja hivi kwa kila mita ya mraba. Je, utamlaumu mama huyo akilia? Wazee wa Marzahn wanapohadithia siku ile, wengi huanza na maji ya moto. Baada ya hapo hueleza habari za matope.

Maana nyumba zilitangulia, barabara zikafuata. Watu walitoka asubuhi wamevaa mabuti ya mpira, wakibeba viatu vya kazini mkononi ili wavibadilishe kituoni kabla ya kupanda treni. Maduka yalichelewa. Miti haikuwako kabisa. Kwa hiyo, siku za mapumziko, wapangaji walishika majembe wakapanda wenyewe vichaka na miti mbele ya milango yao. Kazi hiyo ilihimizwa na wakuu, na wapo walioifanya kwa kuogopa macho ya watu. Hata hivyo matunda yake yalikuwa ya kweli. Mtu aliyechimba shimo la mti pamoja na jirani yake hawezi tena kupishana naye kwenye ngazi kama mgeni.

Haki yako ni kuelezwa pande zote mbili, nami siwezi kuficha upande wa pili. Fleti hazikugawiwa kwa uhitaji peke yake. Familia zenye watoto zilipewa nafasi, kadhalika wafanyakazi wa viwanda vilivyopendelewa, lakini mwenye sauti kwa wakubwa alijua njia ya mkato. Aidha, katika kila jengo palikuwa na daftari la nyumba, na mgeni aliyekaa kwa siku kadhaa ilibidi jina lake liandikwe humo. Nchi ile ilikuwa na idara ya usalama iliyotaka kujua nani anamtembelea nani. Kwa hiyo jirani aliyekuazima chumvi aliweza kuwa ndiye anayekuandika. Ukuta uliokukinga na baridi ulikuwa pia na masikio.

Huenda msomaji wa Unguja ameanza kutabasamu, maana mambo haya si mageni kwake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nchi hiyo hiyo ya Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga nyumba za ghorofa huko Kikwajuni na Kilimani, na wataalamu wake walishiriki katika kuupanga upya mji wa Zanzibar. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa chini ya uongozi wa Mzee Karume na kuendelezwa baada yake kwa nguvu kubwa ya wananchi wenyewe, yanatokana na fikra hizo hizo: kwamba mfanyakazi na mkulima wanastahili maji ya bomba na choo cha ndani. Aliyewahi kupandisha ndoo ya maji kwenye ngazi za ghorofa anajua kuwa jengo lililofaa kwa watu wa nchi moja hulazimika kujifunza upya likifika nchi nyingine. Lakini anajua pia fahari ya familia siku ile ilipoingia.

Sasa turudi Marzahn. Mwaka uliowekwa wa kumaliza tatizo la nyumba, yaani 1990, ulifika. Lililokwisha halikuwa tatizo. Iliyokwisha ni nchi yenyewe. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo Ujerumani mbili ziliungana, na katika miezi michache viwanda vingi vya mashariki vilifungwa. Baba aliyeondoka alfajiri kila siku kwa miaka kumi na mitatu akabaki amekaa dirishani. Waliokuwa na uwezo walihama, baadhi wakajenga nyumba zao zenye bustani nje ya jiji, wengine wakafuata kazi upande wa magharibi. Jina la Marzahn likageuka kuwa dhihaka. Mtoto akitajwa kuwa anatoka huko, watu walicheka kabla hajafungua kinywa.

Fikiri jambo hilo kwa makini. Bamba la zege lilikuwa lile lile. Maji ya moto yalitoka ukutani kama jana. Fleti iliyotamaniwa na kila mtu mwaka 1977 ikaonewa aibu mwaka 1995, hali hakuna tofali lililosogea. Kilichosogea ni kazi, na kazi iliposogea, heshima ikaifuata. Baadaye fleti tupu zilizidi kuwa nyingi, na kuanzia mwaka 2002 serikali ikatoa fedha za kuzibomoa. Upande wa kaskazini wa mtaa, mafundi walipunguza majengo ya ghorofa 11 yakabaki na ghorofa 3 hadi 6, yakiwa na roshani pana. Yanapendeza kweli. Lakini jiulize alijisikiaje mtu aliyelea watoto wake katika ghorofa ya tisa, alipotazama winchi ikiiteremsha sebule yake.

Hasara kubwa zaidi lakini haikuwa ya zege. Nchi ile ilikuwa imewaajiri vijana kutoka ng'ambo kwa mikataba, miongoni mwao watu wa Msumbiji tangu mwaka 1979 na wa Vietnam tangu 1980. Waliwekwa katika mabweni, nafasi ya chini kwa mtu mmoja ikiwa mita 5 za mraba. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alichagua kuitoa au kurudishwa kwao. Viwanda vilipofungwa, wao walikuwa wa kwanza kutupwa nje. Wavietnam waliobaki waliuza bidhaa ndogo ndogo barabarani wapate kuishi. Mwezi Aprili 1992, huko huko Marzahn, kijana mmoja wa Kivietnam aliuawa kwa kisu na mtu aliyewachukia wageni. Watu walisimama wakitazama. Baadaye wengine walileta maua. Maua ni kitu chema, ila hayamfufui mtu.

Na ardhi hiyo ilikuwa imeshaona mabaya zaidi. Tarehe 16 Julai 1936, wiki mbili kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, polisi wa utawala wa Hitler waliwakamata Wasinti na Waroma wapatao 600 jijini na kuwapeleka kambini Marzahn, karibu na makaburi, ili wageni wa michezo wasiwaone. Mwaka 1943 wengi wa waliokuwamo walipelekwa Auschwitz. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliyeingizwa kambini humo, Otto Rosenberg, aliokoka, akaishi kuwasemea watu wake, na leo uwanja mmoja wa mtaani unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la nani ahesabiwe kuwa jirani halikuletwa Marzahn na maghorofa. Lilikuwako kabla yake.

Je, mtaa huo umekufa? La, hasha. Mwaka 2001 uliunganishwa na mwenzake Hellersdorf, na wilaya yao ina watu zaidi ya 250,000. Ndani ya wilaya hiyo hiyo yamo maeneo ya Mahlsdorf, Kaulsdorf na Biesdorf, yaliyojaa nyumba ndogo za familia moja moja na bustani zake. Hifadhi ya maua iliyofunguliwa mwaka 1987 imekua, ikapata bustani ya Kichina mwaka 2000, na mwaka 2017 gari la kamba likaanza kupita juu yake. Wavietnam waliovumilia sasa wana wajukuu. Miti ile iliyopandwa na watu wenye mabuti ya mpira imefika ghorofa ya tano. Na kwa kuwa Berlin ya leo ina uhaba mkubwa wa nyumba, majengo mapya yanapandishwa tena Marzahn. Aliyeuita mtaa huo jaa la zege anatafuta fleti humo.

Mwandishi mmoja wa kike, Katja Oskamp, alipofika umri wa makamo alijifunza kazi ya kutunza miguu ya watu, akaifanyia Marzahn. Wateja wake wengi walikuwa wazee waliofika mtaani wakiwa vijana wenye watoto wachanga. Alikaa miguuni pao akisikiliza, na mwaka 2019 akatoa kitabu chenye habari zao, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo kubwa ya fasihi mjini Dublin mwaka 2023. Nalipenda jambo hilo kuliko sifa zote za tuzo. Waliokuwa wakiucheka mtaa waliutazama kwa mbali, kutoka dirisha la treni. Yeye aliingia ndani.

Basi na sisi tujihoji. Tunapomaliza kulalamikia kodi, maji na taka, malalamiko ambayo ni ya haki na hapana budi wahusika wayasikie, limebaki jambo moja ambalo hakuna mamlaka itakayotufanyia. Yule anayekohoa usiku upande wa pili wa ukuta wako, unamjua jina? Yule mgeni aliyehamia chumba cha uani mwezi uliopita, umemkaribisha, au umesubiri aibiwe ndipo umtazame kwa mbali? Kiwanda kinaweza kuleta kuta kwa lori na kuzisimamisha kwa majuma machache. Ujirani hauletwi kwa lori. Huchimbwa kidogo kidogo kama shimo la mti, nao huchukua miaka kabla haujatoa kivuli.

Leo jioni, kabla hujafunga mlango wako, bisha hodi mlango wa pili. Ukiwa huna la kusema, omba chumvi.