BIMA YA MKOPO WA GARI: TUNALIPIA NINI?

Kuna jambo ambalo wanachama wengi wa tawi la Kisumu wanalo nyumbani mwao bila kujua. Limo katika zile karatasi za mikopo tulizozikunja na kuzitia ndani ya bahasha, na wengine wetu hatujazifungua tena tangu siku tuliyotia sahihi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa Februari 2023 nilitaka kununua gari, Toyota Probox iliyokwisha tumika, ili ndugu yangu mdogo aiendeshe kubeba omena kutoka Dunga mpaka soko la Kibuye, nami nipate kitu juu ya mshahara. Nilikuwa na akiba yangu kidogo, nikapungukiwa shilingi 400,000. Basi nikaenda kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini. Jina lake silitaji. Karani alikuwa mtu wa adabu sana, akanipa kiti na soda, akaniambia riba ni shilingi moja na nusu kwa kila mia kwa mwezi, juu ya mkopo mzima, kwa miezi 36. Akanionyesha mahali pa kutia sahihi, pakawa mahali saba. Nikauliza neno moja tu: hii iliyoandikwa bima ni nini? Akajibu, "Hiyo ni sheria, ndugu. Bila bima mkopo haupiti." Nikatia sahihi. Kitabu cha gari kikaandikwa majina mawili, langu na lao, na fedha zikaanza kukatwa katika mshahara wangu.

Miezi tisa ikapita. Siku moja mvua ilitufungia kituoni, treni ya mizigo imechelewa, nikachukua kalamu nikafanya hesabu kama tulivyofundishwa shule ya misheni. Shilingi 400,000 kwa riba ile, kwa miezi 36, ni shilingi 616,000. Ukigawanya, kila mwezi ni shilingi 17,111. Lakini hati yangu ya mshahara ilisema 18,309. Nikafikiri nimekosea, nikarudia mara tatu. Shilingi 1,198 zilikuwa zikienda kila mwezi mahali nisipopajua.

Nikaifungua bahasha. Ndipo nikaona ya kuwa mkopo wangu haukuwa 400,000 bali 428,000. Zile 28,000 zilikuwa bima, imelipwa yote mara moja siku ya kwanza, ikaongezwa juu ya mkopo, nayo ikatozwa riba sawasawa na fedha niliyoipokea mkononi. Bima ya 28,000 ilikuwa itanigharimu zaidi ya 43,000 kabla sijamaliza. Nayo ilikuwa ya sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, shilingi 6,000, ilikuwa ya kulipa deni nikifa. Sehemu ya pili, shilingi 22,000, ilikuwa ya kulipa deni nikipunguzwa kazi. Nikasoma masharti yake kwa herufi zile ndogo kama mayai ya chawa. Sharti lilisema: italipa kwa mwajiriwa wa kudumu tu, wala haitalipa mkataba ukiisha wenyewe.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wangapi kati yetu si hivyo? Na yule karani aliijua hali yangu vema, maana barua ya mkataba ilikuwa mezani pake, ndiyo aliyoitumia kupima kama naweza kulipa. Kwa hiyo aliniuzia mwavuli usiofunguka, na alijua haufunguki. Hata ningefukuzwa siku iliyofuata, nisingepata senti moja.

Nikarudi ofisini kwao. Jibu likawa, "Ndugu, wewe umekwisha tia sahihi." Nikaenda zangu, lakini safari hii nikaandika barua. Niliandika mambo machache tu: tarehe ya mkopo, kiasi cha bima, ya kwamba niliambiwa ni sheria, ya kwamba wao walikuwa na barua yangu ya mkataba, na ya kwamba bima hii haiwezi kunilipa kamwe. Nikataka sehemu ile ya 22,000 ifutwe pamoja na riba yake, na niliyokwisha kulipa nirudishiwe. Nikaambatisha nakala za karatasi, nikapeleka kwa mkono, nikataka mhuri wa kupokea juu ya nakala yangu. Wiki tatu kimya. Nikaandika ya pili, nikatia chini ya kwamba nakala imepelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima huko Nairobi, nayo kweli nikaipeleka. Kabla sijajibiwa na Nairobi, nikaitwa na mkopeshaji. Malipo yangu yakashuka shilingi 941 kwa mwezi, na kwa miezi tisa nikarudishiwa shilingi 8,469. Sehemu ya kifo niliiacha, kwa sababu nina mke na watoto wanne, na hiyo italipa kweli.

Hapa nataka nieleweke. Sisemi bima ni wizi. Wapo watakaosoma maneno yangu wakaenda kuivunja kila bima waliyo nayo, wakaja kujuta. Nitawapa mfano ulio mbaya kuliko wangu, nao ni wa upande wa pili. Mwenzetu mmoja wa karakana alifariki, naye alikuwa na mkopo wa pikipiki. Mjane wake akaendelea kulipa mwaka mzima na zaidi, kwa fedha ya kuuza samaki, akiogopa pikipiki isichukuliwe. Tulipofungua karatasi za marehemu tukaona bima ya kifo imo, imelipwa yote tangu mwanzo. Deni lile lilikuwa limekwisha siku aliyozikwa, kama mtu angepeleka cheti cha kifo tu. Hakuna aliyemwambia mama yule. Wale waliokuwa wakipokea fedha yake kila mwezi hawakumwuliza hata mara moja mume wako yuko wapi. Mimi nilipoteza fedha kwa bima isiyolipa, yeye alipoteza kwa bima iliyokuwa tayari kulipa. Kisa cha sote wawili ni kimoja: karatasi ilikaa kwa mkopeshaji, na mwenye kuilipia hakuijua.

Wala msidhani ni ujinga wa watu wa Kisumu tu. Huko Uingereza, kwa wenye mabenki makubwa na shule nyingi, mambo haya haya yalifanywa kwa watu mamilioni. Waliuziwa bima ya kulinda malipo ya mkopo, ya magari na ya nyumba na ya vitu vya dukani, na hati zinazofikia milioni 64 ziliuzwa. Waliuziwa hata watu waliojiajiri wenyewe, na wazee waliokwisha staafu, ambao hawangeweza kudai kitu. Wengine waliambiwa kama mimi ya kuwa bila bima mkopo haupiti. Mwaka 2005 shirika la kushauri raia lilipeleka malalamiko rasmi serikalini. Mabenki yakaenda mahakamani kupinga masharti ya kulipa watu, yakashindwa mwaka 2011. Mpaka siku ya mwisho ya kudai, tarehe 29 Agosti 2019, madai yalikuwa yamefika kiasi ambacho mabenki yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Mwaka 2014 Mahakama Kuu kuliko zote kule ilisikiliza kesi ya mjane mmoja, mwalimu wa chuo, ikaonekana ya kuwa katika kila pauni 100 alizolipia bima, zaidi ya 71 zilikuwa kamisheni ya waliomwuzia, wala hakuambiwa. Na juzi juzi, tarehe 1 Agosti 2025, mahakama hiyo hiyo ilimpa haki mtu mmoja aliyenunua gari kwa mkopo, kwa sababu kamisheni aliyofichwa ilikuwa zaidi ya nusu ya gharama yote ya mkopo wake.

Sasa ukisikia hayo, utajua kwa nini karani alinipa soda.

Kwetu hakuna aliyetangaza siku ya kudai kwa wote kama kule. Kila mtu hudai peke yake. Lakini tusiseme hatuna sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kuelezwa habari za kitu anachonunua na haki ya kulipwa akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi, nayo inamruhusu mkopaji aliyetakiwa kukata bima aikate kwa kampuni yoyote yenye leseni, si ile ya mkopeshaji peke yake. Bima ambayo sheria ya barabara inamlazimisha kila mwenye gari ni ile ya kulinda watu wengine watakaoumizwa na gari lako. Hiyo ya kupunguzwa kazi si sheria ya Kenya. Ikiwa mkopeshaji anaitaka, basi ni sharti lake yeye, na aseme hivyo. Neno la muda pia ni kubwa: sheria ile ya 2012 hutaka mtu aliyedanganywa na anayetaka kuuvunja mkataba atoe taarifa katika mwaka mmoja tangu kupatana. Mimi niliwahi kwa miezi mitatu tu, na ni kwa sababu ya mvua! Aliyepitwa na mwaka asikate tamaa, kwani madai ya kuvunjwa mapatano huweza kupelekwa kortini ndani ya miaka sita, na tangu 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambako mtu aweza kujisemea mwenyewe.

Nawaonya juu ya watu wengine tena. Habari ilipoenea ya kuwa nimerudishiwa fedha, alinijia bwana mmoja na mkoba, akisema atawadaia wanachama wote, naye achukue nusu. Uingereza walitokea wengi wa namna hiyo, mpaka sheria ya 2018 ikawawekea mpaka wa pauni 20 katika kila mia. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja, nami sikusoma zaidi ya darasa la nane.

Wapo wazee wa chama wanaosema kazi yetu ni mshahara na saa za kazi, mambo ya mikopo ni ya mtu na nyumba yake. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao. Kama mwajiri angetangaza kesho kwamba atapunguza mshahara wa kila mmoja shilingi 1,198, sote tungekuwa nje ya lango kabla ya saa mbili asubuhi, na wazee wale wangekuwa mbele. Fedha ile ile ikikatwa kwa jina la bima twanyamaza, kwa sababu imepita katika hati ya mshahara na mhuri wa ofisi. Nayo yapita kwa ruhusa ya mwajiri wetu. Hapo ndipo chama kina mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo natoa shauri kwa halmashauri ya tawi. Tumwombe mwajiri asikubali kukata mshahara wa mtu kwa ajili ya mkopo wowote mpaka mkopeshaji ameandika mbalimbali, mkopo wenyewe ni kiasi gani, riba ni kiasi gani, bima ni kiasi gani na ni ya nini, na kamisheni ya aliyeiuza ni ngapi. Nakala ya hati ya bima apewe mwanachama, na nyingine apewe mtu aliyemwandika kuwa mrithi wake. Hili la pili ni la lazima kuliko yote. Mwanachama akifa, katibu wa tawi aandike barua kwa kila mkopeshaji kabla ya matanga kwisha, aulize bima. Wakikataa kusema kamisheni, na nadhani watakataa, hapo tutakuwa tumejua jambo.

Mjane wa mwenzetu bado hajarudishiwa yote. Malipo ya miezi sita yamekwisha kurudi, mengine wanasema yanatafutwa katika vitabu. Barua ya tatu tumeipeleka pamoja na nakala ya cheti cha kifo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, baada ya zamu ya asubuhi, nitakuwa katika ofisi ya tawi na nakala ya barua yangu kwa yeyote atakaye kuiga. Leteni karatasi zenyewe za mkopo, pamoja na yale masharti ya nyuma, msilete hati ya mshahara peke yake. Na mwenye miwani ailete.

Wenu,
Mfanya kazi wa reli, Kisumu