Macho ya mwanagenzi je?

Mwandishi, kuhusu wanagenzi wa kuchomelea umesema vizuri, ila umeruka macho. Hapa Kisian, njia panda ya Busia na Bondo, anayejifunza kuchomelea huanza kwa kushika chuma, kupiga msasa, na kugonga gamba juu ya mshono kwa kinyundo hadi chuma king'ae. Mashine ataigusa siku fundi akipenda. Sina ubishi na hilo. Lakini fundi ana ngao ya uso; kijana anayemshikia geti amegeuza shingo tu! Mchana hasikii kitu, maana mwale wa kuchomelea huchoma kimyakimya. Usiku ndipo macho yanawasha kama yaliyomwagiwa mchanga, na nyumbani wanamwekea vipande vya viazi machoni. Likichomwa bomba la zinki ndani ya kibanda, moshi nao humletea homa.

Mnaowahimiza vijana wafanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, sawa, hata aliyejifunzia kibandani hupimwa kwa gredi. Ila afike huko akiona. Wenye vibanda, ngao ya pili inunuliwe kabla ya katoni nyingine ya rodi.