Bomba la Moshi si Pambo la Injini

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Kanada, Ufini na jimbo la Alaska huko Marekani, ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi mingi ya mwaka. Huko watu husafiri kwa chombo ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa pikipiki ya theluji. Mbele kina skii mbili za kuongozea, nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaokisukuma, na katikati imo injini ndogo yenye nguvu nyingi. Wengi wa wenye vyombo hivyo wana tamaa moja: kuling'oa bomba la moshi lililotoka kiwandani na kufunga jingine la kampuni nyingine, ili chombo kiende kasi zaidi. Tamaa hiyo haina ubaya. Ubaya umo katika kudhani kwamba bomba laweza kubadilishwa peke yake, kama mtu abadilishavyo kofia.

Jambo hili lamhusu pia msomaji ambaye hajapata kuiona theluji. Injini nyingi za pikipiki hizo ni za mipigo miwili, yaani za jinsi ile ile inayoendesha misumeno ya injini ya kukatia magogo na mashine nyingi za boti katika mwambao na maziwa ya Afrika ya Mashariki. Kanuni zinazotawala injini hizo ni zile zile, kwenye baridi na kwenye joto.

Yafaa kwanza kukumbuka chombo hiki kilibuniwa kwa haja gani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, huko Quebec nchini Kanada, mtoto mdogo wa fundi Joseph-Armand Bombardier alifariki kwa ugonjwa, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia na hakuweza kufikishwa hospitali. Fundi huyo alikuwa tayari akifanya majaribio ya magari ya theluji, na baada ya msiba huo hakuyaacha. Mwaka 1937 alipata hataza ya mtambo wake wa gurudumu la meno na mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ilitoa pikipiki ndogo ya theluji iitwayo Ski-Doo. Baadaye chombo hicho kilifika kwa wafugaji wa kulungu wa kaskazini ya Ufini. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Pertti Pelto alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi watu waliozoea sleji zilizovutwa na wanyama walivyokuja kutegemea petroli na vipuri. Kwa watu wa namna hiyo, injini ikizimika mbali na nyumbani katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, kinachokuwa hatarini ni uhai wenyewe.

Sasa na itazamwe kazi ya bomba. Injini ya kawaida ya mipigo miwili haina vali za kutolea moshi; ina matundu katika ukuta wa silinda, ambayo pistoni huyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka. Kwa kitambo kidogo, tundu la kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli na tundu la kutolea moshi huwa wazi pamoja, na sehemu ya mchanganyiko mpya hutoroka pamoja na moshi. Hapo ndipo bomba linaposaidia. Bomba hilo huanza likiwa jembamba, hutanuka katikati kama tumbo la kibuyu, kisha husinyaa tena. Wimbi la moshi likifika penye kutanuka, wimbi la mvuto hurudi kwenye silinda na kusaidia kuusafisha moshi uliobaki. Likifika penye kusinyaa, wimbi la msukumo hurudi kama mwangwi ukutani, likaurudisha ndani mchanganyiko uliotoroka, muda mfupi kabla tundu halijafungwa. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, katika Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule, aliikuza sana elimu hiyo katika miaka ya 1950 kwa ajili ya pikipiki za mashindano.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini inayokwenda mizunguko 8,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sehemu 7.5 za elfu za sekunde. Tundu la moshi huwa wazi kwa muda uzidio nusu kidogo, yapata sehemu nne za elfu. Katika moshi wenye joto, sauti husafiri kiasi cha mita 500 kwa sekunde. Basi katika muda huo wimbi laweza kwenda kama mita moja na kurudi mita moja. Bomba likifupishwa kwa shibiri moja tu, mwangwi huwahi, na injini hupata nguvu yake kwenye mwendo mwingine kabisa. Kwa hiyo bomba ni kiungo cha injini sawasawa na pistoni, na kulibadilisha ni kuibadilisha injini.

Matokeo ya kwanza ya badiliko hilo huonekana katika petroli. Injini inayovuta hewa zaidi yahitaji petroli zaidi. Ikiwa jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli, imeachwa ilivyokuwa, mchanganyiko huwa na petroli chache mno. Petroli ile ile ndiyo inayosaidia kuipoza pistoni, na katika injini zinazochanganyiwa oili katika tangi ndiyo inayoleta mafuta ya kulainisha. Joto hupanda, mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda, na kichwa cha pistoni, ambacho ni cha aluminiamu, huanza kuyeyuka au kutoboka. Baridi huzidisha hatari hiyo, kwani hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi sifuri kwa kiasi cha asilimia 12. Hali kadhalika, kwenye milima ya mita 3,000 hewa hupungua uzito kwa karibu robo. Chombo kilichorekebishiwa huko juu kikiletwa tambarare bila kubadilishwa jeti, huharibika haraka.

Matokeo ya pili yako kwenye puli na ukanda unaopeleka nguvu kwenye mkanda wa chini. Puli hizo zina vizito na springi zilizopimwa ili injini ibaki kwenye mwendo unaoafiki bomba la kiwandani. Bomba likibadilishwa na vizito visibadilishwe, injini huzuiwa kufika penye nguvu yake mpya au huzidisha mizunguko, na mwenye chombo hubaki akishangaa fedha zake zimekwenda wapi.

Wapo wanaosema kwamba pikipiki za siku hizi zina kompyuta inayopima petroli yenyewe, hivyo hadhari hizi zimepitwa na wakati. Hoja hiyo ina ukweli kiasi. Kompyuta hufuata baridi na kimo cha mahali, lakini hesabu zake ziliandikwa kwa ajili ya bomba la kiwandani. Baadhi ya injini hata zina kipimajoto ndani ya bomba lenyewe. Bomba jipya lisilo na mahali pa kukiweka huipofusha kompyuta.

Wengine husema kiwanda hulibana bomba kwa ajili ya kupunguza kelele na gharama, na kwamba nguvu iliyofichwa yafaa ifunguliwe. Ni kweli kwamba katika Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1970, watengenezaji walikubali kelele isizidi desibeli 78 kwa umbali wa mita 15. Lakini kelele haiongezi nguvu. Mtu anayetoboa kizuia sauti hupata muungurumo tu, na huwaudhi wenye mashamba ambao njia hupita katika ardhi yao. Wenye mashamba wakichoka hufunga njia, na wapole huadhibiwa pamoja na wakorofi.

Anayetaka kubadilisha bomba na aanze na afya ya injini: mgandamizo wa kila silinda upimwe, na mivujo yote izibwe. Anunue bomba lililotengenezwa kwa injini ile ile, pamoja na maelezo ya jeti na mizunguko inayotakiwa. Aanze na jeti kubwa, kisha apunguze hatua kwa hatua huku akitazama plagi: nyeupe ni dalili ya hatari, nyeusi yenye unyevu ni dalili ya petroli kuzidi, na rangi ya kahawia ndiyo inayotafutwa. Kipimajoto cha moshi kitamsaidia zaidi ya macho. Vizito vya puli navyo virekebishwe mpaka injini ikae kwenye mizunguko iliyotajwa. Kila mara abadilishe jambo moja tu na kuliandika, na bomba la zamani lisitupwe.

Wauzaji nao wana wajibu. Muuzaji anayemkabidhi mteja bomba bila maelezo hayo ameuza nusu ya bidhaa, na nusu iliyobaki mteja ataigharimia kwa pistoni. Ni haki ya mnunuzi kuyadai kabla ya kulipa.

Basi bei ya bomba jipya ni pamoja na jeti, vizito, kipimajoto na saa nyingi za subira. Aliye tayari kulipa yote hayo na alifunge, naye atapata nguvu bila kuiua injini. Asiye tayari, bomba la kiwandani lamtosha, na litamrudisha nyumbani.